Macho yanayocheza nayo yapimwe



Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, katika darasa la tatu, nilikuwa na msichana ambaye macho yake hayatulii. Yanakwenda kuume na kushoto, mbio mbio, bila yeye kutaka. Wakati wa kusoma ubaoni aligeuza uso pembeni, kama mtu asiyenijali. Kila siku nilimwambia: "Nyoosha kichwa!" Alinyoosha, na hapo hakuweza kusoma tena. Dikte nikampa sifuri, nikidhani ni mkaidi.

Mwisho wa muhula mama yake alikuja kumtoa masomoni. "Mwalimu, macho yake yanacheza tangu akiwa na miezi mitatu. Walituambia miwani haisaidii macho yasiyotulia. Afadhali nilipie wadogo zake." Sikuwa na jibu. Tulikwenda pamoja kwa muganga wa macho, na tuliyojifunza huko ndiyo ninayowaletea.

Kucheza huko kwa macho kunaitwa nistagimusi. Mara nyingi kunaanza katika miezi ya kwanza ya mtoto. Si ulozi, wala si kosa la mama wakati wa mimba. Watoto wenye ualbino wengi wanako. Lakini wengi wa watoto hawa wana pia kasoro ya pili, isiyoonekana kwa nje: jicho halikusanyi mwanga mahali panapotakiwa, na picha inaingia na ukungu. Mmoja haoni mbali, mwingine anapata shida zaidi karibu. Kwa wengi, sehemu ya mbele ya jicho haikuviringana sawa pande zote. Hiyo ni astigimatizimu. Sisi tunaona macho yanacheza, basi tunasahau ukungu.

Miwani haizuii macho kucheza. Kazi yake ni kupunguza ukungu ule. Pengine mtoto hatafika kuona kama wenzake, lakini kusoma neno ambalo jana hakulisoma si jambo dogo.

Mkienda kupima, mjue haya. Muganga anaweza kutia dawa ya matone ili jicho lipumzike. Mtoto ataona ukungu na mwanga utamsumbua kwa saa kadhaa, msiogope. Ombeni apimwe pia macho yote mawili yakiwa wazi, kwa sababu kwa watoto wengi ukifunika jicho moja, lingine linacheza zaidi. Na aachwe ashike kichwa anavyotaka. Akigeuza kichwa namna hiyo, macho yake yanatulia kidogo. Mimi nilikuwa namnyang'anya dawa yake mwenyewe.

Nyumbani na darasani, msimkataze kusogeza kitabu karibu, hakumharibii macho. Awe na kitabu chake, asichangie na jirani. Akae mbele, upande anaouchagua mwenyewe. Vipimo virudiwe kila mwaka, maana jicho linakua pamoja na mtoto. Lakini macho yakianza kucheza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, au akiumwa kichwa na kutapika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Msichana wetu alikutwa na astigimatizimu. Mama yake alingoja zamu yake ya likelemba, akanunua miwani. Macho bado yanacheza, na wenzake bado wanauliza. Dikte ya kwanza baada ya Pasaka alipata sita juu ya kumi. Nilimwita pembeni nikamwomba msamaha. Akacheka, akauliza kama anaweza kugeuza kichwa sasa.

Mama, kama una mtoto wa namna hii, usikubali neno la "haisaidii" kabla hajapimwa. Na ukimtuma shuleni, mwambie mwalimu wake siku ya kwanza. Mimi hakuna aliyeniambia, lakini hata mimi sikuuliza.

Tuonane wiki ijayo.

Mwalimu wenu