Mchoro Uliosimuliwa kwa Kiswahili "Kibovu"

Mchoro ninaoupenda kuliko yote uko Amsterdam, nami nimeuona kwenye kurasa za kitabu tu. Ni kazi ya Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Askari mweusi anamchapa mfungwa mweusi aliyelazwa chini, Mzungu amesimama pembeni anatazama. Anayetawala hashiki kiboko. Mzee yeyote wa Nyanza-Lac angeuelewa bila kufafanuliwa, maana Ubelgiji huohuo ulitutawala na sisi hadi 1962.

Tshibumba alichorea kitambaa cha magunia ya unga, akauza kwa watu wa kawaida waliotundika michoro yake sebuleni. Alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian michoro zaidi ya 100 ya historia ya nchi yake, akaisimulia mmoja baada ya mwingine huku sauti ikirekodiwa. Alisimulia kwa Kiswahili cha Shaba, chenye Kifaransa ndani yake. Kitabu kilichotokana na masimulizi hayo kilitoka 1996, kwa Kiingereza.

Sasa nawauliza wenzangu mnaocheka mtu akizungumza "Kiswahili cha ng'ambo": huyu naye mngemwekea wino mwekundu? Hapa ziwani, Kiswahili hicho ndicho kinachouza mukeke na ndagala, ndicho kinachoshuka na abiria kutoka Uvira na Baraka. Tukiingia darasani kinageuka ugonjwa wa kutibiwa. Najua mtihani unadai Kiswahili sanifu, na ninakiandika hapa kwa hiari yangu. Lakini kusahihisha insha ni kazi moja, na kumfundisha mtoto aone haya kwa lugha ya mama yake mwuza samaki ni kazi nyingine kabisa.

Tena mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuzungumzia uchoraji, hivyo tukifika mbele ya picha tukimbilie Kifaransa. Wachoraji wa Lubumbashi walikuwa na neno lao, ukumbusho, kwa picha inayomrudisha mtazamaji kwenye mambo yaliyopita. Sisi tumekariri "makumbusho" kama jina la jengo na hatukujiuliza linakumbusha nini. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yapo tangu 1955, na ngoma na vikapu vyake vinastahili safari. (Vikapu sivibezi, nyanya yangu alivisuka.) Ila kikapu hakitaniambia nani alishika kiboko.

Ninachodai ni kidogo: saa mbili katika somo la fasihi simulizi, mchoro mmoja ukutani, na maelezo ya mchoraji yasomwe jinsi alivyoyatamka, bila kunyooshwa. Atakayesema hayo si fasihi atuoneshe msimulizi mwingine wa Kiswahili aliyesimulia karne nzima ya ukoloni na uhuru, kipande kwa kipande, akiwa na rangi mkononi. Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatuwezi kumwita aje atufundishe mwenyewe.