Wachunguzi wa Kompyuta Watoke Hospitalini

Tarehe 4 Julai, 2018, katika kisiwa cha Singapuri, mfanyakazi mmoja aliyekuwa akitunza hifadhi ya habari za wagonjwa aliona maulizo yasiyo ya kawaida yakipita katika mitambo, akayasimamisha. Lakini tangu tarehe 27 Juni wezi walikuwa wamekwisha kunakili habari za wagonjwa milioni 1.5, Waziri Mkuu wa nchi hiyo akiwa miongoni mwao.

Kamati iliyoundwa kulichunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake Januari 2019. Ilikuta kwamba wafanyakazi hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na kwamba baadhi ya wenye dhamana walichelewa kuchukua hatua ilhali dalili zilikwisha kuonekana. Wizara ya Afya iliarifiwa tarehe 10 Julai. Macho yalikuwapo, elimu na utaratibu ndivyo vilivyokosekana.

Twayataja haya kwa kuwa hospitali zetu nazo zinahama kutoka majalada ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, wala hatujasikia ni nani atakayefuata nyayo za mwizi siku akiingia.

Kazi hiyo ina adabu zake. Mchunguzi hapekui diski yenyewe. Huinakili yote, akaipatia nakala tarakimu ya uhakiki ambayo hubadilika hata ikiguswa herufi moja, kisha akaandika daftarini nani kakipokea chombo, saa ngapi, na kamkabidhi nani. Pasipo daftari hilo wakili hodari ataupangua ushahidi wote mbele ya hakimu. Hazimi mashine kwa pupa, maana yaliyomo katika kumbukumbu yake ya muda hutoweka umeme ukikatika. Na fundi mwenye nia njema, aisafishaye kompyuta iliyoingiliwa ili kazi iendelee kesho yake, huwa amezifuta nyayo kwa mkono wake.

Hata hivyo hospitali si benki. Kompyuta iliyoingiliwa yaweza kuwa ndiyo ile inayoonyesha mapigo ya moyo ya mgonjwa mahututi, na haiondolewi mpaka daktari aseme. Tena karani akifungua usiku jalada la jirani yake asiyemhusu, mtaalamu mgeni hataona ajabu. Ajuaye zamu, wodi na nani anamhudumia nani ndiye atakayeshtuka. Siri ya mgonjwa ni amana, na aghalabu amana huvunjwa na aliyekabidhiwa ufunguo.

Kwa hiyo fani hii yafaa ianzie hospitalini penyewe: kwa karani wa kumbukumbu, kwa fundi wa kompyuta, hata kwa muuguzi mwenye kupenda hesabu. Afundishwe kwanza kusoma orodha ya walioingia katika mitambo na saa zao. Kisha sheria ya ushahidi. Ndipo apelekwe chuoni. Nusu ya elimu anayo tayari, na hiyo haifundishwi darasani. Kijana wa namna hiyo akijitokeza leo, tunachelea atapewa printa mbovu aitengeneze.

Tunaiomba Wizara ya Afya ianzishe cheo hicho, hata kwa mtu mmoja katika kila hospitali kubwa, naye asiwe chini ya mkuu anayesimamia mitambo hiyo hiyo, kwani itambidi siku moja amkague. Na katika kila ofisi yenye kompyuta libandikwe mapema jina la mtu wa kuarifiwa usiku.