Usinunue Boksi, Geuza Mashine

Haya wadau, leo nina hasira, mtanivumilia. Niko hapa Gungu, Kigoma, kwenye field ya kufundisha, na nasema wazi kabisa: ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la homthieta ni usanii mtupu. Na usanii huo unakula hela za watu wasio nazo.

Mjomba wangu ana kibanda cha video. Kachukua mkopo wa kikoba, kaingia dukani (duka silitaji), katoka na boksi limeandikwa WATI 5000 PMPO. Spika tano na sabufa. Wiki haijaisha, akiongeza sauti inakwaruza, na muvi ikianza maneno hayasikiki. Nikamwambia, "Mjomba, hebu tuigeuze." Nyuma, kwenye lebo ndogo ambayo hakuna anayeisoma: umeme inaotumia, wati 60.

Sitini! Jamani, hii ni fizikia ya sekondari. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Mashine inavuta 60 ukutani, hizo 5000 inazitoa wapi, ziwani? Najua kuna wajuaji watasema lebo ya nyuma hupimwa mashine ikifanya kazi ya kawaida, na kwamba kapasita zinaweza kusukuma nguvu zaidi kwa kufumba na kufumbua. Sawa, nimekubali. Ipe mara mbili, ipe mara tatu. Inakuwa 180, tena ugawe kwa spika sita. Bado 5000 hatujaiona hata kwa mbali.

Ukweli ni kwamba PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo, tena kwa kila spika. Wamarekani waliliona tatizo hili zamani: mwaka 1974 tume yao ya biashara iliweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya, na mwaka 2024 wakaiboresha ili iwabane na wauzaji wa homthieta. Sisi je? Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mlaji. Ipo. Sasa mbona boksi za elfu tano zinapangwa dukani mchana kweupe?

Tuje kwenye huo "mzunguko" wenyewe. 5.1 maana yake njia tano kamili za sauti, na hiyo .1 ni njia ya besi peke yake. Maneno ya waigizaji hupita hasa kwenye spika ya katikati. Lakini mjomba kaunganisha zile waya zetu za njano, nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyeupe zinabeba njia mbili tu! Ya njano inabeba picha ya kizamani, hata TV yako iwe kali vipi. Ukitaka njia zote sita pamoja na picha safi, tumia HDMI; kwa sauti peke yake, hata waya wa optiko unatosha.

Na hata ukiwa na HDMI, angalia unachokicheza. Muvi zetu za kutafsiriwa, tangu enzi za Lufufu, mtafsiri anaweka sauti yake juu ya sauti ya filamu, na mara nyingi kwenye flashi inafika ikiwa na njia mbili tu. Hapo mashine inabaki kubahatisha, au inarudia sauti ileile kila spika. Halafu spika zote tano umezirundika mbele chini ya TV. Mzunguko utoke wapi?

Muuzaji mmoja kaniambia, "Mwalimu, watu wa huku wanataka mdundo tu." Si kweli! Watu wanaolipa kiingilio wanataka kusikia stori. Kama ni mdundo tu, basi muuzie amplifaya ya njia mbili na spika mbili nzuri. Atapata sauti safi, na hela itabaki. Usimuuzie spika tano za plastiki nyepesi kama kopo la majarini.

Kwa hiyo ukienda dukani fanya hivi. Geuza mashine. Soma umeme inaotumia. Tafuta neno RMS. Usipoliona, uliza, na muuzaji akianza kucheka ujue jibu. Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC, na alama ya Dolby Digital. Halafu nenda na flashi yako, weka muvi yenye maongezi, punguza sabufa, usikilize maneno. Besi inaficha madhambi mengi.

Na nyie wenye maduka, andikeni RMS kwenye bei zenu. Mwenye mali nzuri haogopi mzani. Mamlaka nazo zisisubiri mteja wa Gungu apande basi kwenda kulalamika mbali. Boksi lenyewe ni ushahidi, maandishi yanasomeka toka barabarani.

Kwa leo ni hayo tu. Naenda kuandaa lesson plan ya kesho, na mada nimeshaipata.