Mvinyo wa Dodoma uko wapi Tunduma?

Wadau, juzi nilikuwa Tunduma, mkoani Songwe, kikazi. Jioni nikaagiza samaki wa kukaanga, ndimu na pilipili pembeni, nikaomba mvinyo mweupe wa Dodoma, wa baridi. Mhudumu akacheka: "Kaka, upo wa Sauzi tu."

Nikanywa huo. Mkavu, una uchachu kidogo, unakata mafuta ya samaki vizuri. Kusoma chupa: Chenin Blanc. Jamani, zabibu hiyo hiyo inalimwa Dodoma! Wakulima wetu huvuna mara 2 kwa mwaka, na miaka nenda rudi wanalia zabibu zinaozea shambani kwa kukosa wanunuzi.

Viwanda vina kazi yao. Sisi wanywaji yetu ni kuulizia. Baa haileti kisichoulizwa. Mimi nimeanza, wewe je?