Kuugawa Mtandao wa Nyumba na Duka

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile zilizosalia baina ya maghorofa, zilijengwa kwa mpango ujulikanao: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Mgeni hukaribishwa barazani kwa heshima zote, wala haoni kuwa ametwezwa kwa kutoingizwa katika chumba chenye sanduku la amana. Mpango huo tuliourithi kwa wazee wetu tumeusahau katika jambo jipya lililoingia majumbani, nalo ni mtandao wa kompyuta.

Na tuitazame hali ilivyo. Twaziona nyumba za Mtaa wa Aggrey, Msimbazi na mitaa ya jirani ambazo chini ni duka na juu ni makazi, na ruta moja yawatumikia wote. Kompyuta yenye hesabu na madeni ya wateja, simu za watoto, kamera za ulinzi, printa, na simu ya kila mteja aliyeomba neno la siri la Wi-Fi, vyote vimo katika chumba kimoja kisicho na kiambaza. Simu ya mteja mmoja ikiwa na programu ya madhara, programu hiyo yaweza kuijaribu kompyuta ya hesabu mara kwa mara, wala hapana mlango wa kuizuia.

Dawa yake yaitwa VLAN, yaani mtandao uliogawanywa kwa amri pasipo kutandika nyaya mpya. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1998 na jumuiya ya wahandisi iitwayo IEEE, ikapewa jina la 802.1Q. Kila furushi la khabari lipitalo katika waya wa pamoja hutiwa alama ya namba, na swichi hulifikisha kwa wenye namba ile tu. Namba zitumikazo ni 1 hadi 4094, lakini nyumba hutosheka na nne. Ni kama mchukuzi wa sokoni abebaye magunia ya watu mbalimbali, kila gunia na alama ya mwenyewe. Nalo jina la Kariakoo asili yake ni wachukuzi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya 1914 hadi 1918.

Tuseme namba 10 iwe ya ofisi na hesabu, 20 ya jamaa wa nyumbani, 30 ya wageni na wateja, na 40 ya kamera. Kila namba ipewe anwani zake, kama zile zianzazo na 192.168.10, na nyingine 192.168.20, na kuendelea. Yahitajiwa swichi ya aina ipangikayo, kwani ile ya kawaida haijui kuzitenga namba. Ruta na kifaa cha Wi-Fi navyo lazima viwe vyenye kuzifahamu. Tundu la swichi lenye waya wa kompyuta hupewa namba moja. Lile liendalo kwa ruta, au kwa kifaa cha Wi-Fi kinachohudumia makundi mengi, hupewa namba zote zinazohitajika. Namba 1, ambayo swichi nyingi hutoka nayo kiwandani, ni bora isitiwe kitu.

Wako wadhanio kuwa majina mawili ya Wi-Fi yametosha. Sivyo, majina mawili yakiwa yafikia mtandao mmoja, hiyo ni milango miwili ya chumba kimoja. Wala kugawa namba peke yake hakutoshi, kwa kuwa ruta ndiyo bawabu, na ruta nyingi huziacha namba zipitiane mpaka zikatazwe. Basi bawabu apewe amri zilizo wazi: wageni waende kwenye intaneti tu, jamaa wa nyumbani wasiifikie kompyuta ya hesabu, ofisi iweze kuzitazama kamera, lakini kamera zisianze kuijia ofisi, wala zisitoke nje.

Kamera zatiliwa mkazo kwa sababu. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai ilienea duniani kwa kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kama 60 hivi, ikateka kamera na vinasa picha vingi mno. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Basi neno la siri la kiwandani na libadilishwe siku ile ile ya kununua.

Na mwaka 2013 wezi waliingia katika maduka ya Target, huko huko Marekani, kwa ruhusa waliyomwibia fundi wa mitambo ya baridi. Kutoka hapo wakafika mpaka kwenye mashine za malipo, wakachukua khabari za kadi zipatazo milioni 40. Fundi hakuwa na haja yoyote ya kufika karibu na fedha.

Kazi ikiisha, ijaribiwe. Chukua simu, ingia kwa Wi-Fi ya wageni, kisha ujaribu kuifungua kompyuta ya hesabu, kamera, na ukurasa wa kupangia ruta. Kimoja kikifunguka, kiambaza hakijasimama.

Daftari la madeni ni siri ya watu waliotuamini. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yamtaka mwenye kuhifadhi khabari za watu azilinde. Vijana wetu mlio na ujuzi huu, anzeni kwa duka la baba au la mjomba. Andikeni namba na matundu katika karatasi, iwekwe pamoja na hati za nyumba, ili fundi ajaye asibomoe kiambaza bila kujua. Maneno ya siri yasiandikwe katika karatasi hiyo.