Sifuri Si Usafi

Muhula uliopita nilifanya field kwenye ofisi ya TEHAMA ya chuo kimoja. Wiki ya pili ikatoka ripoti ya Wi-Fi ya hosteli: tovuti za kubeti zimefunguliwa mara sifuri. Mkubwa wangu akafurahi, "Vijana wamejirekebisha." Jamani! Mimi nimeishi hosteli miaka miwili, mikeka naijua.

Nikaomba ruhusa nichunguze. Kwa kawaida faiwoli huchuja tovuti, kisha hutuma taarifa kwenye seva ya kumbukumbu. Nilianzia kwenye seva. Diski ina nafasi. Saa za mashine zote mbili zinalingana. Hili wengi hulipuuza, lakini saa ikipotoka, taarifa za leo huingia chini ya tarehe nyingine. Nikasikiliza poti 514, ambako ujumbe wa syslog hupitia kwa kawaida. Pakiti zinamiminika kama mvua ya masika, ila ya kichujio hata moja. Basi seva haikuwa na kosa. Haikutumiwa kitu.

Kosa lilikuwa kwenye faiwoli yenyewe. Kanuni zake husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo hufuatwa. Kuna mtu, ili mtihani wa mtandaoni usikwame, aliweka kanuni ya muda juu kabisa: hosteli zote zipite, bila kichujio. Mtihani ukaisha, kanuni ikabaki. Tulipoiondoa, nikafungua makusudi tovuti iliyozuiwa, na mstari ukatokea palepale.

Ningeishia hapo kama si jambo moja. Katika wiki zilezile mwanafunzi mmoja alifungiwa intaneti kwa madai kwamba akaunti yake ilifungua tovuti chafu usiku. Akaomba kumbukumbu zitazamwe. Zikakutwa tupu, akaambiwa eti katumia ujanja kuzificha. Yaani sifuri ya ripoti ilikuwa usafi, sifuri yake ikawa hatia! Kosa lilipogundulika, akafunguliwa. Wiki tatu za kazi za darasani hakurudishiwa.

Wapo watakaosema afadhali seva ilale, tusichunguzwe. Siwalaumu. Lakini seva ikilala adhabu hazilali, na mnyonge ndiye anayekosa cha kujitetea.

Kwa hiyo serikali ya wanafunzi idai mambo matatu. Kwanza, kila asubuhi ofisi ifungue tovuti moja ya majaribio iliyozuiwa, ione kama imerekodiwa. Pili, taarifa za kichujio zikinyamaza saa nzima mchana wa kazi, kengele ilie. Nusu ya hosteli haiwezi kulala kwa pamoja. Tatu, tuambiwe kinachohifadhiwa, kwa muda gani, na nani anakisoma. Hili la tatu si kuomba hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu.

Na wewe, siku ukiitwa kujieleza na kuambiwa "mfumo hauonyeshi kitu", usikimbilie kuomba msamaha. Uliza kwanza: huo mfumo mara ya mwisho ulionyesha kitu lini?