Wachezaji wetu wa zamani watuandikie maisha yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vitabu vya maisha ya wachezaji, hasa vile vinavyoandikwa kwa nia ya kumshukuru Mungu na kuwatia vijana moyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, Wilaya ya Bunda. Katika sanduku la vitabu vya msaada tulivyoletewa mlikuwamo kimoja cha Kiingereza cha mchezaji mstaafu wa Marekani, Kurt Warner, kilichochapishwa mwaka 2000. Mpira wenyewe si huu wetu, bali ule wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi huku watu wakigongana kama madume ya ng'ombe. Nilipowasimulia watoto wa darasa la sita kwa Kiswahili walicheka sana, wakataka kujua ni mpira wa miguu gani huo.

Kicheko kiliisha tulipofika dukani. Warner aliachwa na timu ya Green Bay Packers mwaka 1994, akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka la vyakula kwa dola 5.50 kwa saa. Msimu wa 1999 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao, na Januari 2000 timu yake ya St. Louis Rams ikatwaa ubingwa kwa 23 kwa 16. Yeye anasema ni Mungu, nami sina ugomvi na hilo. Lakini watoto hawakuniuliza habari za kombe. Waliuliza alikuwa akilala saa ngapi, na mazoezi aliyafanya lini.

Ndugu Mhariri, shuhuda nyingi za wachezaji hutufikia huku zikiwa zimekatwa sehemu hiyo ya duka. Hubaki sala na gari la kifahari. Miaka minane iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la saba, mchezaji hodari kweli, aliacha masomo miezi miwili kabla ya mtihani akaenda Mwanza kutafuta timu. Nilipomfuata nyumbani kwao kumsihi alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, Mungu akishaandika ameandika." Nilikosa la kumwambia. Alirudi na goti lililovimba, na leo anaendesha bodaboda.

Laiti ningekuwa na kitabu cha Mtanzania cha kumpa siku ile! Mwaka 1979 Taifa Stars walitoka sare 1-1 na Zambia kule Ndola, kwa bao la Peter Tino, wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 mjini Lagos. Huko walifungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, wakatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Taifa lilingoja hadi 2019 kurudi katika mashindano hayo, miaka 39! Katika kikosi kile Waislamu na Wakristo walicheza bega kwa bega, na kila mmoja bila shaka alikuwa na dua yake. Waliamka saa ngapi? Walikula nini? Aliyeumia alitibiwa na nani, na mpira ulipokwisha aliishije? Hayo mwanafunzi wa Bunda atayasoma wapi? Joel Bendera, aliyekuwa miongoni mwa makocha wao, alifariki mwaka 2017. Tusidhani waliobaki watatungoja.

Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, ametoa kitabu cha maisha yake mwaka 2022. Nampongeza kwa dhati, ila nacho ni cha Kiingereza, na watoto wangu hawakiwezi. Marehemu Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad kwa Kiswahili, na maisha yake mwenyewe pia. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alizigeuza hata Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Je, maisha ya beki au mlinda mlango ndiyo yaishindwe lugha hii?

Nawaomba wachezaji wastaafu, na wachapishaji wetu, walitazame jambo hili. Asiyezoea kalamu asimulie, waandishi wa michezo waandike. Amtaje Mungu wake bila haya, lakini asituruke kipindi cha benchi, cha deni na cha goti.

Yule kijana wangu bado ni msomaji. Magazeti ya michezo huyamaliza yote pale stendi ya Bunda akingoja abiria. Kitabu kikitoka, nakala ya kwanza nitampelekea yeye.

Mwalimu wa Kijiji,
Bunda, Mara.